Kiti, Duara na Sitara: Tazamo juu ya Tiba ya Maigizo Vyuoni

Waswahili wanazo methali mbili ambazo ukiziweka pamoja hazikai. Moja yasema mficha maradhi kifo humuumbua. Nyengine yasema nyumba husitiri mambo. Ya kwanza humtaka mwenye kuumwa aseme. Ya pili humtaka anyamaze. Kijana anayetoka Micheweni au Makunduchi akaingia chuo kikuu huzichukua zote mbili katika sanduku lake, na siku moyo unapomlemea hajui aitii ipi. Akisema, ataambiwa ameyaanika ya ndani. Akinyamaza, maradhi yatamla kimya kimya.

Makala haya yanakusudia kuitazama tiba moja inayodai kuwa yaweza kuzipatanisha methali hizo, nayo ni tiba ya maigizo inayofanywa kwa kikundi. Sitaitazama kwa jicho la tabibu, kwani udaktari sikuusomea. Nitaitazama kama mtu wa fasihi anavyoitazama tamthilia yoyote: nani anasema, kwa kinywa cha nani, mbele ya nani, na pazia likishafungwa kinabaki nini.

Ukubwa wa jambo lenyewe si wa kutiliwa shaka. Mwaka 2018 ulitolewa utafiti chini ya mradi wa Shirika la Afya Duniani uliowahoji wanafunzi wa mwaka wa kwanza karibu 14,000 katika vyuo 19 vya nchi 8. Asilimia 35 kati yao walionesha dalili za kuwahi kupatwa na angalau tatizo moja la afya ya akili miongoni mwa yaliyochunguzwa. Asilimia 31 walikuwa nalo ndani ya miezi 12 iliyotangulia. Bara zima la Afrika liliwakilishwa na Afrika ya Kusini peke yake, kwa hiyo tarakimu hizo hatuwezi kuvivika vyuo vyetu kama kanzu iliyokatwa kwa kipimo cha mwili mwengine. Hata hivyo, anayeishi karibu na wanafunzi hahitaji tarakimu ili ajue. Anajua nyuso zinavyokuwa fedha za mkopo, ambazo wenyewe huziita bumu, zinapochelewa. Anaijua hofu ya kudisko, yaani kuondoshwa masomoni kwa kufeli. Anajua mtoto wa kwanza wa ukoo kufika chuo anavyobebeshwa matumaini ya watu thalathini, na anavyoona haya kuwaambia watu hao thalathini kuwa halali usiku.

Tuitazame na lugha, maana ndani yake mna sehemu ya tatizo. Vitabu vimetupa neno sonona, nalo ni neno zuri, lakini barazani na katika vyumba vya dahalia watu husema fulani ana mawazo. Husema moyo wake mzito, ana dukuduku, ana jakamoyo. Mawazo, kwa Kiswahili, ni kitu ambacho mtu anacho. Aghalabu hakihesabiwi kuwa ni ugonjwa. Hakuna anayeomba ruhusa ya kukosa mtihani kwa sababu ya mawazo, na ni wachache wanaobisha hodi hospitalini kwa sababu hiyo. Kwa hivyo, kabla hatujauliza tiba gani inafaa, tujue kuwa tunazungumza na watu ambao lugha yao imewapa maneno mengi ya kuutaja moyo, ila haikuwaonesha mlango wa kuupeleka.

Basi tiba hii ni nini? Watu wachache, kiasi cha kumi hivi, hukaa duara na kiongozi wao aliyefunzwa. Huanza kwa michezo ya kuchangamsha mwili na sauti. Kisha mmoja hutoa jambo, na jambo lile huigizwa badala ya kuelezwa. Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanafunzi hupigiwa simu na babake kila Ijumaa, na babake huuliza alama tu. Mwanafunzi huyo atamchagua mwenzake mmoja awe baba, na simu ile itapigwa pale pale. Mwengine atasimama nyuma yake awe pacha wake, aseme yale ambayo yeye anayameza. Mwengine atamuigiza yeye mwenyewe, naye ajitazame kama anayejitazama katika kioo. Kisha watabadilishana nafasi: mtoto atakaa pahala pa baba na kuuliza alama kwa sauti ya baba, na huenda kwa mara ya kwanza akaisikia khofu iliyomo ndani ya swali lile. Mwisho wote hurudi katika duara, kila mmoja aseme lililomgusa katika maisha yake, bila kumshauri wala kumhukumu mwenye jambo. Hizo ndizo hatua tatu: kuchangamka, kuigiza, kushirikiana.

Mwasisi wa njia hii, inayoitwa saikodrama, ni Jacob Levy Moreno, tabibu aliyezaliwa Bucharest mwaka 1889 na kukulia Vienna. Tarehe 1 Aprili 1921, katika jumba la Komödienhaus mjini Vienna, Moreno aliweka kiti cha enzi kitupu jukwaani. Akawaalika watazamaji wapande mmoja mmoja, wakikalie, na waseme wangeliiongozaje nchi iliyokuwa imevunjika baada ya vita. Kwa maelezo yake, hapakupatikana aliyestahiki. Baadaye akaunda kundi la tamthilia ya papo kwa papo, lisilokuwa na matini. Mwaka 1925 akahamia Marekani, na mwaka 1936 akafungua hospitali yake Beacon, katika jimbo la New York. Alifariki mwaka 1974, na njia yake imekwishaenea duniani.

Kisa ambacho wanafunzi wa njia hii husimuliwa mwanzo ni cha Barbara. Alikuwa mwigizaji katika kundi la Vienna, hodari wa kucheza wasichana wapole na watakatifu. Mumewe, George, alimjia Moreno kulalamika kuwa yule malaika wa jukwaani, nyumbani ni moto. Moreno akampa Barbara nafasi ya mwanamke wa mitaani, mwenye ulimi mkali, ambaye mwisho huuawa. Barbara akaicheza kwa nguvu zisizotarajiwa, na nyumbani akapoa. Baadaye Moreno akamleta na George jukwaani, mke na mume wakaigiza maisha yao mbele ya watu. Moreno anakimaliza kisa kwa kutuambia kuwa wawili hao walipatana na kumshukuru.

Kwa msomaji wa hadithi, kisa hiki kina kasoro: kimekatwa pale kilipomfaa msimulizi. René Marineau, aliyeandika wasifu wa Moreno uliotoka mwaka 1989, amemtambulisha George kuwa ni mshairi Georg Kulka, naye Kulka alijiua mwaka 1929. Haitakuwa haki kusema kuwa jukwaa ndilo lililomuua. Miaka ilikuwa imekwishapita, na moyo wa mtu una milango mingi. Lakini ni haki kuuliza kwa nini kisa kinachotumiwa kuthibitisha uponyaji kinaishia kwenye makofi. Tena kuna tofauti ambayo Moreno hakuikazia. Barbara alipofaidika alikuwa amevaa uhusika wa mtu mwengine. Hasira ilikuwa yake, jina halikuwa lake. Ugomvi wa nyumbani ulipopandishwa jukwaani kwa majina yao wenyewe, sitara iliondoka. Sisi tunaambiwa kuwa hatua ya pili ni ukamilisho wa ile ya kwanza. Mimi naona ni mambo mawili mbalimbali, na katika tofauti hiyo ndipo ilipo khatari na ndipo ilipo faida ya tiba hii kwa vijana wetu.

Visiwani hatuhitaji kusafiri hadi Vienna ili tukione kiti. Katika ngoma za pepo, anayepandwa huitwa kiti. Pepo hukikalia, na akishakaa husema. Fundi humuuliza jina lake, ametoka wapi, anataka nini. Na pepo hutaka: nguo, pete, manukato, pengine kutendewa kwa hishima ndani ya nyumba. Jamaa wamekaa wanasikiliza. Mwanamke ambaye miaka yote hakuthubutu kumwambia mumewe kuwa amedhulumiwa, leo dhulma yake inatajwa mbele ya mashahidi, na hakuna anayeweza kumwambia umenivunjia hishima, maana aliyesema si yeye. Pepo akishuka, kiti hurudi kuwa mtu, na kwa kawaida husemwa kuwa hakumbuki alilolisema.

Sina nia ya kuitetea imani ya pepo. Wanavyuoni wa dini wamelisema lao juu yake, na watu wa hospitali lao. Ninachokitazama ni umbo lake la kitamthilia. Mna duara, mna kiongozi, mna kuchangamka kwa ngoma na ubani, mna uhusika, mna hadhira inayohusika. Juu ya yote hayo mna kanuni moja: kinachosemwa husemwa chini ya kivuli cha mwengine. Kanuni hiyo hiyo ndiyo inayoendesha fumbo la taarab, ambapo mtu huinuka kumtunza mwimbaji katika ubeti fulani, na aliyekusudiwa akajua, na wengine wakajua kuwa amejua, wala hapana neno lililotamkwa. Jamii yetu ilikwishazipatanisha zile methali mbili zamani. Iligundua kuwa mtu aweza kuyatoa maradhi yake huku nyumba yake imesitirika, maadamu amepewa kinywa cha kuazima.

Hata hivyo tusiitie chumvi hiyo ngoma. Hugharimu fedha nyingi, humfunga mtu kwa fundi na kilinge, na mara nyingi humrejesha mgonjwa katika nyumba ile ile yenye dhulma ile ile, akiwa na pete mpya. Zaidi ya hayo, mwenye kusema hatakiwi kuyakumbuka aliyoyasema, ndiyo maana hawezi kuyafanyia kazi. Hapo tiba ya maigizo ina ubora ulio wazi. Mwanafunzi aliyekaa katika nafasi ya babake anaondoka akikumbuka. Anajua kuwa sauti ile ilitoka kwake, na kesho Ijumaa simu ikilia ana pa kuanzia.

Mtaalamu wa sosholojia Thomas Scheff, katika kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu tiba, mila na tamthilia, alilieleza jambo hili kwa kipimo cha umbali. Mtu akiwa mbali mno na uchungu wake, hausikii. Huuzungumza kama habari ya redioni. Akiwa karibu mno, unamzamisha. Huwa anaumia upya, hajitazami. Uponyaji umo katika umbali wa kati, pale ambapo mtu analia na huku anajua kuwa analia. Mimi nasema kuwa uhusika ndio unaoleta umbali huo, na kuwa kwa kijana aliyelelewa katika adabu ya sitara, kumnyang'anya uhusika katika kikao cha kwanza na kumwambia haya, tuambie kilichokupata, ni kumsukuma karibu mno kwa siku moja. Atafanya moja kati ya mawili. Atafunga mdomo, aandikwe kuwa hakushiriki. Au atafunguka yote kwa mkupuo, na kesho yake asiweze kupita mbele ya mkahawa wa chuo kwa haya. Pacha anayesema nyuma ya mtu, kinyago, hadithi ya sungura na fisi, kisa cha msichana mmoja asiye na jina: hivi vinadhaniwa kuwa ni michezo ya utangulizi kabla ya kazi yenyewe. Kwetu ndivyo kazi yenyewe.

Hapa msomaji aweza kuuliza: basi sitara pekee yatosha? Haitoshi, na fasihi yetu ina ushahidi. Mwaka 1971 Ebrahim Hussein alichapisha tamthilia ya Mashetani. Wahusika wake wakuu, Juma na Kitaru, ni vijana wawili wasomi na marafiki; ukoo wa mmoja umeporomoka, wa mwengine unapanda. Wanacheza mchezo wao wawili, mmoja akiwa Shetani na mwengine Binadamu. Kuanzia hapo utulivu unamtoka Kitaru. Wahakiki wengi wameisoma tamthilia hii kama istiari ya siasa, ya ukoloni mamboleo na matabaka, na wana haki. Lakini isome tena ukiwa na wanafunzi wa leo akilini. Vijana hawa walikuwa na vinyago vizuri kabisa. Walichokikosa ni duara. Hapakuwa na mtu wa tatu wa kuwatoa katika uhusika, wa kumwambia Kitaru taja jina lako, gusa ardhi, mchezo umekwisha, sasa tuzungumze umekuamshia nini. Mchezo ulifungua mlango na hapakuwa na wa kuufunga. Sitara bila duara ikamwacha kijana peke yake na kile alichokiamsha.

Kwa hivyo ninadai vitu viwili pamoja: uhusika wa kumsitiri mtu, na duara la kumrudisha. Anayetoa kimoja bila ya chengine anacheza na moto. Hili nalisema hasa kwa sababu tiba hii ina sura ya mchezo, na kila kinachofanana na mchezo watu hudhani chaweza kuongozwa na yeyote. Mwalimu mchangamfu aliyehudhuria semina ya siku mbili hatoshi. Lazima ajue ni nani katika duara lake hafai kubaki hapo bali apelekwe kwa daktari siku ile ile. Anayetaja kifo chake mwenyewe hangojewi hadi kikao cha wiki ijayo.

Liko na jambo la tatu, nalo linahusu dhulma iliyo nje ya moyo. Augusto Boal, Mbrazili aliyekamatwa mwaka 1971 na kwenda uhamishoni, alikuwa amezoea tamthilia ya kuwafundisha wanyonge kumkabili mkandamizaji anayeonekana: mwenye shamba, polisi, bwana mkubwa. Alipofika Ulaya alikutana na watu waliolalamikia upweke na utupu. Mwanzo hakuyaona hayo kuwa ni mateso ya kweli. Baadaye alikiri kuwa watu wanakufa kwayo. Ndipo yeye na mkewe Cecilia wakaanzisha Paris, katika miaka ya 1980, warsha juu ya askari aliyehamia kichwani mwa mtu. Wazo hilo linawafaa wanafunzi wetu, ambao wengi wana askari vichwani mwenye sauti ya mwalimu, ya mjomba au ya jirani. Lakini Boal hakusahau kuwa askari wa kichwani aliwahi kuwa askari wa mtaani. Mkopo unaochelewa haukuanzia moyoni mwa mwanafunzi. Mwalimu anayemtaka msichana rushwa ya mwili ili apate alama si wazo baya la kupungwa kwa mazoezi ya pumzi. Tiba inayomfundisha mtu kuyavumilia hayo kwa utulivu imemtumikia mwenye kudhulumu.

Tanzania inayo historia yake katika mlango huu. Mwaka 1996 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Amandina Lihamba na Penina Mlama, walianzisha mradi wa TUSEME kwa wasichana wa skuli za sekondari. Wasichana waliyachunguza matatizo yao wenyewe, wakayatungia maigizo, wakayaonesha, kisha wakajadiliana na walimu na wazazi nini kifanyike. Haukuitwa tiba. Lakini tazama ulivyopanga mambo: msichana wa jukwaani hakuwa na jina la aliyetunga, kwa hivyo sitara ilikuwapo, kikundi kilikuwapo, na mwisho palidaiwa hatua kwa wale wenye madaraka. Wanaotaka kuleta tiba ya maigizo vyuoni leo wasiagize kila kitu kutoka ng'ambo kabla ya kuisoma kazi hii ya nyumbani.

Nimalizie na suala la kupima. Wafadhili hutaka ushahidi, na ni haki yao. Tafiti nyingi za uwanja huu huwa na washiriki wachache, kwa kuwa duara halibebi wengi, na mara nyingi hupima mara tu vikao vinapokwisha, wakati watu bado wana joto la kuwa pamoja. Moja ya vipimo vinavyotumika sana ni dodoso la Beck la mwaka 1961, lenye vipengele 21, kila kimoja kikipewa alama kuanzia 0 hadi 3. Ni chombo chenye manufaa. Mfasiri, hata hivyo, atakuambia kuwa kumuuliza Mswahili kama ana huzuni ni kumuuliza kama amefiwa. Atajibu hapana, naye amesema kweli, na moyo wake umejaa mawazo. Dodoso litakaloaminika kwetu litatungwa na watu wanaojua tofauti ya huzuni, simanzi, dukuduku na jakamoyo, na lirudiwe baada ya miezi, wakati duara limekwishatawanyika na mitihani imefika.

Hukumu yangu, basi, ni ya kuunga mkono pamoja na masharti. Vyuo vyetu viifungulie mlango tiba hii. Kiongozi wake asiwe mtu anayesahihisha mitihani ya walio katika duara, maana hapana anayevua kinyago mbele ya mwenye kushika kalamu nyekundu. Vikao visigeuzwe maonyesho ya kuwafurahisha wageni siku ya mahafali. Kilichosemwa kwa uhusika kisije kikatajwa nje kwa jina la mtu. Aliyeingia katika nafasi atolewe katika nafasi kabla hajaondoka chumbani. Na lililoonekana kuwa ni dhulma lipelekwe kwa mwenye dhamana, kwa sauti ya kikundi, ili mwanafunzi mmoja asibaki kuchuchumaa nalo peke yake. Kikikosekana kimoja kati ya hivi, ni afadhali chuo kimwajiri mshauri mmoja mwenye subira, kimpe chumba chenye mlango unaofungika, na kiwaachie wanafunzi tamthilia waicheze kama tamthilia.